Pumba za Ubaruku

Ngano ilikuwa njano. Si njano ya kukomaa, maana haikuwa imefika hata magotini. Ilikuwa njano ya mgonjwa, na Tumpe aliikazia macho kama vile ingeona haya ibadilike.

Pumba zilikuwa wazo lake. Alizikuta Ubaruku zimerundikana nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, hakuna anayezitaka, akaomba lori lililokuwa likirudi kwao Uyole limpakilie. "Udongo wetu mgumu kama sakafu," alimwambia mama yake, Lea. "Hizi zitaulainisha." Wakazifukia shambani, na wiki hiyohiyo wakapanda ngano kwa mistari.

Sasa alikuwa na simu sikioni, akimsikiliza bwana shamba.

"Ulizichoma kwanza?"

"Hapana."

"Ulizichanganya na samadi, ukaziacha zioze?"

"Hapana."

Tumpe alitamani bwana shamba amtukane tu, yaishe.

"Ngano yako ina njaa, dada. Pumba zikianza kuoza zinakula mbolea iliyomo kwenye udongo, ngano inabaki kuangalia. Ipe mbolea ya yurea, uifukie. Halafu omba mvua."

Yurea ilikuwepo, ile ya viazi. Lea aliutoa mfuko mwenyewe. "Viazi tutajua mbele ya safari."

Lakini mvua yenyewe ndiyo iliyomtisha Tumpe. Ukingoni mwa shamba ilipangwa miche ya mikaratusi, kila mmoja ndani ya kiriba cheusi cha plastiki. Ilikuwa ya baba yake mdogo, Andendekisye. Baba yake Tumpe alipofariki, ukoo ulikubaliana kwamba shamba libaki kwa Lea maadamu linatoa mavuno. Likishindwa, Andendekisye apande miti. Mwaka jana mahindi yalikauka. Na juzi alikuja kuiona ngano.

"Shemeji, hii ngano au umeimwagia bizari?" Alicheka peke yake. "Mvua ikinyesha tu, napanda."

Basi mvua ya kuiponya ngano ndiyo hiyohiyo ya kumleta yeye na jembe. Na ngano ingehitaji wiki nzima kuonyesha kijani. Mama na binti walishinda wakifukia yurea, mstari baada ya mstari. Kila wingu lilipotokea upande wa mlima Rungwe moyo wa Tumpe uliruka, asijue unaruka kwa kutaka au kwa kuogopa.

Ilinyesha jioni, ikanyesha mpaka alfajiri.

Andendekisye alifika hata chai haijachemka, jembe begani.

"Baba, tupe wiki moja," Tumpe alisema.

"Wiki moja mvua itakuwa imekwisha. Miche yangu itakunywa nini, maneno yako?"

"Unakanyaga chakula!"

"Nakanyaga majani ya njano. Sogea, mwanangu."

Akainua jembe katikati ya mstari. Tumpe alifumba macho, akingoja ule mlio aliouzoea tangu utotoni, chuma kugonga udongo kama kinagonga jiwe.

Haukuja. Jembe lilizama lote. Andendekisye alipolivuta, udongo ulitoka mweusi, unamomonyoka, nyungunyungu wakijipinda katikati ya vipande vya pumba. Akachota kiganjani, akafinya, akafumbua.

"Hapa kaka alikuwa anachimba kwa sururu," alisema polepole. "Nilikuja kumsaidia. Nikavunja mpini."

Aliitazama miche yake ukingoni, kisha ule udongo kiganjani.

"Mpaka mavuno," alisema mwishowe. "Magunia yasipojaa, nang'oa kila kitu."

Akaanza kuibeba miche yake kuipeleka kwenye sehemu ya mawe juu ya shamba. Lakini mkono mmoja aliutumia nusunusu, vidole vimekunjwa.

"Kakubali," Lea alinong'ona.

"Mama, hukuona? Ameondoka na udongo wetu mkononi." Tumpe aligeukia shimo lililoachwa na jembe. "Jana alitaka kupanda miti. Sasa anajua hapa pana nini; kesho atalitaka shamba lenyewe."

Akapiga magoti kwenye shimo, akaokota mashina matatu ya ngano yaliyong'olewa, akayarudishia na kuyashindilia kwa vidole. Yalikuwa bado njano.