Sindano Aliyonyimwa Mama Mkwe

Kwenye mkutano wa wenye farasi nilisimama nikadai sindano ya siku ya mbio, ile ya kuzuia damu mapafuni, ipigwe marufuku. Nilishangiliwa mpaka nikaona haya. Nilipokaa tu, nikakumbuka kwamba farasi wangu mwenyewe, tena wa pekee, hutokwa damu mapafuni akikimbia.

Anaitwa Mama Mkwe, na jina limemkaa. Damu imeshamtoka puani mara mbili. Kwa kanuni za uwanja wetu hapa Kentucky, ya tatu ni kufungiwa mbio maisha.

Marufuku ikapita. Asubuhi ya mbio za kwanza bila sindano, jirani yangu Hoyt Lackey, mwenye farasi thelathini, alikuja bandani akitafuna mkate na soseji.

"Ardith, mama wa sheria! Umesali?"

"Meza kwanza, mzee."

"Sindano ile inamkojoza, inampunguza maji, mapafu yanapumua. Wewe unamnyima mgonjwa dawa, halafu unajiita mpenda wanyama!"

"Tangu lini mgonjwa akakimbizwa? Mgonjwa hulazwa."

"Haya, mlaze huyo wako!"

Hapo alinipata. Farasi wamenivunja mbavu sita, lakini hilo liliuma zaidi.

Mchana milango ya kuanzia mbio ikafunguka, farasi wakatoka kama mawe ya manati. Mama Mkwe alikaa nyuma ya wenzake wanne, akila matope ya kwato zao. Kwenye kona ya mwisho uwazi ukatokea kando ya uzio, mwembamba kama mlango wa choo, naye akajipenyeza! Mimi nimeng'ata kitambaa cheupe nilichokuja nacho cha kumpangusia pua. Hoyt, aliyeapa kutoshangilia, kapanda juu ya ndoo, anamfokea mpandaji: "Mchape! Hapana, mwache! Anakuja mwenyewe huyo, anakuja!"

Akashinda kwa urefu wa shingo.

Nilimkimbilia nikampangusa pua. Matope. Nikapangusa tena. Kamasi. Daktari wa farasi akamwingiza mpira wenye taa puani mpaka kooni, akachungulia kwa muda mrefu kuliko ndoa yangu ya kwanza.

"Safi," akasema. "Hata tone."

Nikapiga ukelele, nikamkumbatia Hoyt kwa bahati mbaya.

Ukabaki mkojo, maana mshindi lazima apimwe kama kapewa dawa. Nikampigia mluzi, kama tunavyowakojoza wote. Wapi! Nusu saa nzima ananitazama tu, midomo yangu imekauka. Hoyt akaegemea uzio, meno yote nje.

"Angepigwa sindano, saa hizi angeshajaza ndoo mbili."

"Nisaidie mluzi, mzee."

Akanisaidia.