Zabuni Isiyosomwa

Saa nne asubuhi ofisa ununuzi alifungua kufuli mbili za sanduku la zabuni, akapangusa vumbi kwa kiganja, akawauliza waliohudhuria kama chai imewafikia. Haikuwafikia. Seremala alikuwa ameketi nyuma, karibu na dirisha, kwa sababu tangu afe alipenda hewa.

Mkewe aliketi pembeni yake. Nyumbani marehemu hakuwa akija hata ndotoni. Alikuja hapa tu, siku za kufungua zabuni, na sheria inasema ufunguzi ni wa hadhara, mtu hafungiwi mlango. Mlinzi alimwandikisha kama wengine, ila kwenye nafasi ya namba ya simu alimwekea kistari.

"Umeamkaje, baba?" mkewe alimnong'oneza.

"Bado yangu," alijibu seremala, macho kwenye sanduku.

Zabuni yake ilikuwa ya madawati ya shule. Aliitumbukiza mwenyewe, akaugua, akafa, na bei yake haikusomwa. Kazi alipewa shemeji wa mkurugenzi, kama kawaida, na madawati yake yakalegea hata kabla ya mvua. Kitindamimba wa seremala anasoma akiwa amekaa sakafuni. Mji mzima unajua, na mji mzima una shughuli zake.

Mke hakutaka makubwa. Angalau ageuke amtazame. Amwambie msumeno kauweka wapi. Alimkung'uta vumbi la mbao mabegani, polepole, ili lisiishe upesi. Alikuwa amemkumbuka jamani, amemkumbuka mpaka kifua kinauma.

Siku hiyo alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, mama wa makamo mwenye miwani, aliyetumwa kunyoosha ununuzi wa umma.

"Kuna mtu ambaye zabuni yake haikusomwa?" aliuliza.

Seremala akanyoosha mkono. Mkaguzi alimtazama, akapekua kitabu chake cha kanuni.

"Marehemu haruhusiwi kulalamika," alisema kwa upole. "Lakini mjane anaruhusiwa. Mama, sema neno moja tu. Kabati la ofisa litafunguliwa sasa hivi, bahasha itafutwe, na bei ya mzee itasomwa hapa hapa mbele ya watu."

Ofisa ununuzi alitoa leso, akajifuta shingo.

Mke akamkumbuka fundi bomba. Naye alikuwa akija hapa baada ya kufa, mpaka zabuni yake ilipopatikana nyuma ya kabati, ikasomwa. Alisimama, akashukuru, akatoka, basi. Mjane wake mpaka leo huja kukitazama kile kiti.

Alimfikiria mwanawe pale sakafuni. Kisha akautazama mkono wa mumewe, bado uko juu, gundi imekaukia kwenye kucha. Akaushika, akaushusha, akaukumbatia mapajani.

"Hatuna malalamiko," alisema.

Mkaguzi aliandika hivyo. Bei zikasomwa, na shemeji akapata madawati ya mwaka huu pia.

Seremala aligeuka, akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini, mama watoto?"

"Nyumba ni kubwa mno," alisema.

 Seremala akageukia tena sanduku.

Jioni mke alifua kaptura ya shule ya mwanawe. Alisugua sana pale pa kukalia, vumbi la sakafu halikutoka lote. Akaianika. Ufunguzi mwingine ulikuwa Jumanne, na gauni lake alikuwa ameshalipiga pasi.