Zulia la Léonie

Emerance alipoarifiwa kwamba wakala wa mwenye nyumba anakuja kukagua fleti, alisikia neno moja tu: mgeni. Na kwao Burundi mgeni hapokelewi kwenye sebule tupu. Akaazima zulia jekundu la Léonie wa ghorofa ya juu, taa ndefu ya Bizimana na mapazia ya Waceke, ambayo yaliziba vizuri ukungu wa ukutani. Akakaanga na sambusa. Ronnie, ndiye wakala, akala, akapiga picha, akaenda zake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kupona kwenyewe kukawa kodi kupandishwa hadi Emerance akakosa usingizi. Asingeiweza. Angehama mtaa wa Fairfield, awaache majirani waliomlelea mwanawe Divine na wadogo zake kila alipokuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Akaenda kushtaki.

Siku ya kesi, kule mtaa jirani wa Liverpool, majirani walijaa nyuma yake. Ronnie akaonyesha picha zake kwa mbwembwe. Fleti ya kifahari hii, akasema, tazameni zulia, tazameni mapazia. Kodi hiyo ni halali yake.

Emerance akainamisha kichwa. Aseme mbele ya mgeni aliyemkirimu kwamba vyote vile ni vya kuazima?

"Mama Divine," Léonie akamnong'oneza, "mficha uchi hazai. Sema, bwana!"

Akasimama.

"Mheshimiwa, zulia si langu. Ni la huyu dada."

"Ni yangu kabisa!" Léonie akadakia. "Carpet hajanirudishia mpaka leo!"

"Curtains ni zangu," Waceke akasema. Bizimana akanyoosha mkono kwa ajili ya taa yake.

Mkalimani alikuwa akihema kwa kuyafukuzia maneno yao kwa Kiingereza. Hakimu akavua miwani. "Sasa hapo cha mwenye nyumba ni kipi?"

Emerance akafikiri kwa uaminifu wote. "Ukungu, mheshimiwa. Uko nyuma ya pazia."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Ronnie naye, maana hakuwa mtu mbaya. Hakimu alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Kisha akatamka: kodi ibaki ile ya zamani, na ukuta utengenezwe.

Emerance akamgeukia mkalimani, akamwomba ayarudie kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Kiingereza alikuwa amekielewa neno kwa neno. Alitaka tu majirani zake wasikie kwamba haendi popote.