Nives Kwenye Kona ya Piratella

Mimi ni fundi wa magari ya mashindano hapa Faenza, Italia, kwa mwaka wa thelathini na nne sasa, na magari hayohayo yameniharibia sikio la kushoto. Lakini Jumapili ile ya Aprili 1975, pale kwenye uwanja wa mbio wa Imola, masikio yangu yote mawili yalikuwa mazima. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilisikia vibaya.

Dereva wetu alikuwa amevunjika mkono akicheza kwenye theluji. Mwenye timu, Bwana Ravaioli, alihangaika wiki nzima kutafuta mtu wa kukalia kiti chake, akaishia kwa Nives Casadio, binti wa mkulima wa mapichi, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja. Nives alikuwa bingwa wa vigari vidogo, vile vya kukaa karibu matako yaguse lami. Gari kama letu, la Formula Tatu, alikuwa ameliendesha siku moja tu.

Mvua ilianza tukiwa tunalisukuma gari kwenda kwenye mstari wa kuanzia. Tulikuwa wa ishirini na moja kati ya magari ishirini na manne. Tullio Gherardi, mkongwe wa miaka tisa kwenye mbio hizo, alipita akaegemea gari letu.

"Dada, mapichi hayajaiva? Leo si siku ya kupeleka mzigo sokoni."

"Bado, kaka," Nives akajibu huku akifunga kofia yake ngumu. "Ukinipisha mapema nitawahi kurudi kuyapalilia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona maji yakitiririka kukatiza barabara.

Mbio zikaanza. Kutoka tulipokuwa sisi mafundi, kona ya Piratella huioni. Iko juu kilimani, nyuma ya miti. Lakini unaisikia. Kila gari likifika pale, dereva huachia mafuta, mngurumo unashuka, halafu unapanda tena. Kwenye mvua unashuka zaidi. Kwenye mzunguko wa tatu nikawa nasikiliza: likashuka moja, likashuka la pili, la tatu. Kisha likaja moja ambalo halikushuka kabisa. Lilipita na sauti yake moja, ndefu, kama kitambaa kinachochanwa.

Injini ile niliifunga kwa mikono yangu. Nikaijua.

"Pedeli ya mafuta imekwama!" nikapiga kelele. "Bwana Ravaioli, mwiteni aingie! Ataenda kujiua!"

Ravaioli akanyanyua ubao wa kumwita. Nives akatupita katikati ya wingu la maji, akatikisa kichwa mara moja kwamba hapana, akaenda zake. Mzunguko uliofuata, kona ile ile, sauti ile ile.

Sikuweza kusimama pale. Nilichukua pikipiki ya Vespa ya bwana mmoja bila kumuomba, nikapanda kwa njia ya nyuma hadi kwenye uzio wa Piratella, nimelowa mpaka ndani ya viatu.

Nikaona.

Wenzake wote walipita kwa ndani, mahali ambapo kila dereva amefundishwa kupita, na magari yao yakayumba kama walevi. Yeye alikuja kwa nje, karibu kabisa na majani, mahali ambapo hakuna mwenye akili anayepita. Gari lilikuwa limekaa upande kidogo, lakini usukani haukuhangaika. Mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesoma gazeti. Na mguu hakuutoa. Nimewaona madereva wengi, bwana, wengine sasa mnawaona kwenye televisheni, lakini siku ile nilivua kofia yangu kwenye mvua bila kujua kwamba nimeivua.

Gherardi alipitwa hapohapo mbele ya macho yangu. Tulimaliza wa nne.

Baadaye Gherardi alikuja kwenye hema letu, uso umejaa matope, utani umemwisha.

"Niambie ukweli. Ulipita wapi? Nilikuona kwenye kioo, mara nikaona mgongo wako."

"Kwa nje, kaka. Ijumaa mvua iliponyesha nilizunguka barabara yote kwa miguu mitupu. Ndani pamesuguliwa na matairi miaka yote hii, panateleza kama sabuni. Nje lami bado ina meno."

Gherardi akatazama viatu vyake mwenyewe. Kisha akampa mkono.

Alipoondoka nilimletea Nives piadina, ule mkate wetu bapa, yenye nyama ndani, na kikombe cha kahawa. Kikombe hakikufika mdomoni. Kahawa yote ilimwagikia magotini, naye akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Fundi Ermes, niliogopa," akaniambia. "Kila mzunguko. Kila nikikaribia pale mguu wangu uliniomba uachie, nami nikaukatalia."

"Mizunguko yote ishirini?"

"Kumi na nane. Miwili ya kwanza niliachia."

Nilimshikia kikombe cha pili akanywa kama mgonjwa. Ravaioli alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia. Akakohoa na kumuuliza Nives, kwa adabu ambayo hata baba mkwe wake hakuipata, kama angependa kutuendeshea kwenye mbio za Monza mwezi ujao.

"Nitakwenda," Nives akasema. "Ila nifike siku mbili kabla. Na msiniulize viatu vyangu viko wapi."

Alituendeshea misimu mitatu kabla timu kubwa hazijaja kumchukua.