Bega la Kilima

Restuta hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na siku waliyomzika mwanawe Obedi hakulia. Wanawake wa Chilungulu walisema kusoma kumemkausha moyo. Yeye alikuwa na shughuli nyingine: alikuwa anamtazama dereva wa treni.

Dereva huyo, Ambokile, mtu wa Tukuyu aliyezeekea kwenye treni za mizigo, alikuja msibani kwa miguu kutoka stesheni akivuta kondoo. Aliwaambia wazee yale yale aliyowaambia wachunguzi. Alipiga honi kabla ya kona. Kilima cha mawe kinaziba pale. Alipomwona mtoto, injini ilikuwa imeshatokeza kwenye mwamba, na treni yenye mzigo haisimami kama baiskeli. Wazee wakamwamini. Wakaamuru kondoo achinjwe, na dereva na mama wa marehemu wale sahani moja ili yaishe. Restuta akala. Tonge lile likamfunga mdomo, maana ukishakula na mtu namna ile huna ruhusa tena ya kumdai neno.

Lakini kula si kusamehe. Aliomba uhamisho, akapata shule ya mjini, somo la sanaa na kazi za mikono, akapanga vyumba viwili Nzuguni na watoto wawili waliobaki. Mumewe Sila alibaki kijijini na mama yake na ng'ombe wake, akisema mambo ya Mungu hayachunguzwi. Restuta alimjibu kwamba si Mungu aliyeshika breki.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kujaa redio na mapambo ya Dubai. Abdulnasiri, ambaye babu yake alifika Dodoma na misafara ya pembe, alirudi kutoka huko na treni ya kuchezea ya umeme, injini na mabehewa yake yakitosha kiganjani. Akaiweka kwenye meza kubwa katikati ya mgahawa wake, karibu na stesheni. Kwenye meza tupu treni ilizunguka kama kuku aliyefungwa mguu, na wateja wakacheka. Ndipo mtu akamtajia yule mwalimu anayejua kufinyanga na kuchonga.

Abdulnasiri alimwonyesha Restuta picha ya kwenye boksi. Alitaka milima yenye theluji, na ziwa lenye mabata meupe.

"Ziwa la wapi, tajiri?" Restuta akauliza. "La Bahi? Hilo leo maji, kesho tope."

"Mwalimu, watu wanakuja kula. Wape kitu cha kupendeza macho."

Restuta alisema atawatengenezea nchi wanayoijua, na kipande cha reli wanachokijua, ama aendelee kuzungusha kuku wake. Abdulnasiri alikuwa amechoka kuchekwa, akakubali. Hakuuliza ni kipande kipi.

Kazi aliifanya wakati wa likizo ya Juni. Kwanza alikwenda Chilungulu na kamba yenye mafundo. Akapima kutoka reli hadi mwamba, kutoka mwamba hadi njia ya kuvukia, na kimo cha kilima akakipima kwa kivuli chake, kama alivyofundishwa chuoni. Mama mkwe wake, Bibi Lydia, alimtazama akivuta kamba kwenye miiba, akamuuliza kama serikali imemleta kupima viwanja. Restuta alisema ni mambo ya shule.

Vilima alivichonga kwa godoro kuukuu, akavibandika magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, vikakauka vikawa vigumu kama kibuyu. Juu alipaka jasi, na kabla haijashika akachora nyufa za mawe kwa msumari. Udongo mwekundu aliutoa Chilungulu kwenyewe, akauchekecha kwa chekeche ya unga, akaunyunyiza juu ya gundi. Vumbi la mbao lililotiwa rangi ya chai likawa nyasi za kiangazi. Vichwa vya majani pori vikawa migunga. Mto aliuacha mchanga mtupu, kwa kuwa mito ya huko ni mchanga mtupu. Wafanyakazi wa reli waliokuja kunywa chai walianza kusogea na vikombe vyao, wakionyeshana kona na makalvati, na Abdulnasiri akasahau mabata yake.

Restuta alitaka jambo moja tu. Alitaka Ambokile aseme, kwa mdomo wake, kwamba alimwona mtoto na hakushika breki. Alikuwa na hakika dereva huyo alisinzia macho wazi. Neno alikuwa amekatazwa, lakini hakuna mzee aliyemkataza kilima.

Alipomaliza ile kona, aliondoa injini relini, akainama, akalaza shavu juu ya meza pale injini ilipokuwa, akafumba jicho moja. Aliona mwamba. Akasogea mbele kidogo. Mwamba. Obedi, njiti ya kiberiti aliyoivisha kaptura ya kaki, alikuwa nyuma ya bega la kilima, na hakuonekana mpaka shavu la mama yake lilipokaribia kumgusa.

Akapima upya. Kamba haikuwa na kosa. Dereva alikuwa amesema kweli.

Kisha, bila kupanga, akaweka jicho kwenye mlango wa nyumba ya mwalimu aliyokuwa akikaa, sasa kijumba cha kadibodi chenye paa la kopo la maziwa. Pale hapakuwa na mwamba wala mgunga. Reli yote ilikuwa wazi, na njiti ilikuwa wazi.

Hilo hakuhitaji meza kulijua. Jioni ya ajali alikuwa amesimama mlangoni hapo. Alikuwa amemtuma Obedi dukani, ng'ambo ya reli, kuleta mafuta ya taa, na mtoto alikuwa anakwenda polepole akipiga kokoto mateke. Honi ikalia. Obedi akasimama ukingoni mwa tuta, akageuka kumtazama mama yake, kama anayeuliza. Restuta akampungia mkono: vuka, upesi. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha, hakutaka giza limkute bila taa. Wachunguzi aliwaambia alikuwa uani.

Alikaa mgahawani mpaka chai yake ikaota utando. Halafu akaomba kisu cha mkate jikoni, akakata bega la kilima.

Hakukata pakubwa, upana wa vidole viwili. Akabandika magazeti, akapaka jasi, akachora nyufa, akarudisha nyasi. Ilipokauka ungeapa kwamba kilima kilizaliwa hivyo. Akalaza shavu tena. Sasa njiti ilionekana kutoka mbali, mapema, yenye kaptura yake, peke yake kwenye tuta.

Ambokile alikuwa na desturi ya kunywa chai pale kabla ya zamu. Tangu aliposikia ni nani anayetengeneza ile meza, alikuwa akipita kando ya ukuta na kukaa akiipa mgongo. Restuta alimfuata, akamwamkia, akamwomba aje aikague kona kama mtaalamu.

"Marahaba, mwalimu. Mimi nitajua nini?"

"Wewe ndiye unayeijua njia. Inama, mzee. Jicho liwe pale injini inapopita."

Mzee akavua kofia, akainama, magoti yakalia. Akalaza shavu kwenye vumbi la mbao. Fundi mmoja aliyekuwa anatafuna andazi alimwuliza kama anatafuta tiketi ya daraja la tatu, na wenzake wakacheka. Ambokile hakuinuka. Alipoinuka, nyasi zilikuwa zimemganda shavuni.

"Pale panaziba," alisema. "Pana mwamba."

"Mwamba huo hapo."

"Ulikuwa mkubwa kuliko huu."

"Nimepima kwa kamba, mzee. Kimo nimekipima kwa kivuli. Wewe ulipima kwa nini?"

Kona ile Ambokile aliipita mara zisizo na idadi, lakini daima mbio, na hakuwahi kuteremka aishike kwa mkono. Aliachia shule darasa la nne, na alilelewa kuamini kwamba jambo aliloliona mtu linaweza kumdanganya, lakini lililopimwa na mwalimu limepimwa. Aliinama mara ya pili. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Basi nilimwona," alisema akiwa bado ameinama. "Macho yalimwona. Mimi nilikuwa wapi?"

"Hilo ulijue wewe," Restuta akasema.

Siku ile ile mzee alikwenda kwa wakubwa wake, akawaambia maelezo yake ya kwanza hayakuwa kweli. Ulikuwa msimu wa kupunguza watu kazini, na huyu alijileta mwenyewe hadi buchani. Wakamtoa. Wenzake waliomjua kwa miaka mingi walisema wameshangaa, halafu wakasema hawashangai, kwani kuna siku hata stesheni aliipitiliza.

Hakuridhika. Alitaka kusema mbele ya wazee waliomlisha. Restuta akaitwa Chilungulu, na wakakaa uani kwa Bibi Lydia. Ambokile alisimama kofia mkononi, akasema kwamba aliwadanganya, kwamba mtoto alikuwa wazi mbele yake, na kwamba atatoa ng'ombe. Wazee wakatazama chini.

Bibi Lydia akatema ugoro. "Nimechunga pale tangu sijavunja ungo. Ng'ombe akiwa nyuma ya jiwe lile humwoni mpaka akukanyage. Nani amekwambia ulimwona mjukuu wangu?"

"Mwalimu amepima, mama."

"Jiwe lipo. Halijaenda sokoni. Twende ukalitazame."

Ambokile alitikisa kichwa. Alisema kwa upole kwamba miguu yake haitafika pale, na hakuna haja, ameshaliona.

Bibi Lydia akamgeukia mkwewe. "Mama Obedi. Wewe ndiye uliyekuwa na kamba. Sema."

Wote wakamtazama. Restuta aliona kwamba neno moja lingetosha, na kwamba baada ya neno hilo wangemwuliza kwa nini, na baada ya kwa nini wangemwuliza alisimama wapi.

"Nimepima," alisema.

Wazee wakapokea ng'ombe. Mtu akijitia hatiani mwenyewe, nani atamtoa? Ambokile alimwendea Restuta, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Alisema muda wote huu alikuwa akiota anamtafuta mtoto nyuma ya jiwe, asimwone. Sasa angalau anajua mtoto alikuwa wapi.

Restuta alivuta mkono wake. "Basi la mjini linapita sasa hivi, mzee. Ukichelewa utalala hapa."

Mzee akavaa kofia, akashika njia ya barabarani. Bibi Lydia hakumtazama aliyekuwa anaondoka. Alimtazama mkwewe, kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kupika. Chakula kilipoiva aliwaita watu wote kwa majina yao; alipofika kwa Restuta alisema mwalimu, na hakumwita tena mama Obedi, siku ile wala baadaye.