Sahani Yenye Kifuniko

Sinia lilipotua katikati ya mkeka, mikono ilikuwa imekwisha kuoshwa. Muzamili alijisogeza kumpisha mkewe Driwaru, watoto wao wakabanana kama kawaida, na Poni, dada yake Muzamili, akapiga goti pale alipozoea kukaa tangu utotoni, upande wa ukuta, mkabala na mama yao. Ndipo mama alipotoka jikoni na sahani ya pili. Ilikuwa sahani ya bati yenye maua mekundu, imefunikwa kwa bakuli. Aliipitisha juu ya mikono yote iliyokuwa ikisubiri adhana, akaiweka mbele ya Poni.

"Hii yako," alisema.

Katika nyumba ile ya Koboko, mji wa Uganda unaopakana na Kongo, hapakuwa na desturi ya "hii yako". Marehemu baba yao, askari aliyewahamisha kambi hadi kambi, alikula sinia moja na watoto wake, na wageni wake, na hata madereva waliokwama mpakani. Aliyetengewa sahani alikuwa ama mgeni mkubwa, ama mgonjwa ambaye watu wanaogopa vidole vyake. Poni hakuwa mgeni.

"Wifi amekuwa mheshimiwa," Driwaru alisema. "Sisi tunagombania samaki, yeye iko na ofisi yake." Watoto walicheka. "Kula basi, wifi. Upepo ukikubeba, nani atavuka Kongo kukutafuta?"

"Nyamaza, adhana hiyo," Muzamili alimkata.

Poni alikula tende, akameza maji kidogo, kisha akainua bakuli kwa vidole viwili. Ugali wa muhogo na mtama ulikuwa ukifuka moshi. Kando yake kulikuwa na majani ya kunde yaliyopikwa kwa ufuta, na juu yake kipande cha katikati cha samaki, kile ambacho zamani walikipigania yeye na Muzamili. Harufu ya ufuta ilimpanda kooni. Alirudisha kifuniko. Mbele yake mikono ilikwenda na kurudi, ikigongana, ikiibiana, na hakuna mkono uliomgonga yeye.

Ilikuwa jioni yake ya kwanza nyumbani. Alikuwa ametoka Arua kuja kumalizia Ramadhani kwa mama, kwa sababu nyumba yake ya huko, mtaa wa Awindiri, ilikuwa imemlemea. Mumewe, Lomoro, aliendesha lori kwenda Juba na kurudi pale barabara ilipomruhusu. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Poni aliuza vitenge mjini kutwa, jioni akafungua mlango, akaweka funguo juu ya meza, akasikia sauti ya funguo zile ikizunguka nyumba nzima.

Mwaka uliotangulia magoti yalianza kumgomea, na sukari ikapanda. Daktari Severino, aliyekuwa na kliniki ndogo nyuma ya soko, alimpima akampima tena, akamuuliza juu ya figo, juu ya nyongo, juu ya magonjwa ya ukoo wao. Mwishowe alimwandikia sindano ya mara moja kwa wiki, iliyokuja kwa umbo la kalamu.

"Hii si dawa ya urembo," alimwambia. "Nakupa kwa ajili ya sukari na uzito unaovunja magoti yako. Tunaanza na dozi ndogo, tunapanda polepole, na mwenye kupandisha ni mimi. Kichefuchefu utakipata. Kula kidogo kidogo, kunywa maji hata kama huna kiu. Ukitapika bila kukoma, au tumbo likikukata mpaka mgongoni, acha dawa uje mbio. Unafunga Ramadhani?"

"Nafunga."

"Basi uje kabla mwezi haujaandama, tupange. Na mtu mmoja nyumbani ajue unachotumia."

Poni aliitikia kwa kichwa. Mtu mmoja nyumbani. Alifikiria funguo juu ya meza.

Hakumwambia Lomoro, kwa kuwa Lomoro alipenda mke mnene na aliona unene ule kama kazi ya mikono yake. Hakumwambia mama, kwa kuwa angeanzaje? Mji haujui kumwacha mwanamke na mwili wake. Akinenepa, ataulizwa anakula nini. Akikonda, wataulizana pembeni ni nini kinachomla. Poni alipoanza kupungua, wateja walimsifu kwanza. Kisha sifa zikakoma. Wakaanza kumpa pole bila kusema ya nini. Mwanamke aliyeuza vitunguu jirani naye alimshika mkono siku moja, akaufinya, akaondoka na machozi. Watu wa umri ule waliikumbuka vizuri miaka ambapo ugonjwa ule wa virusi uliitwa kwa jina la wembamba ulioletwa nao, na waliozikwa walikuwa wengi. Kwao, mtu hakondi bure.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Poni hakwenda kwa daktari. Alijua atakachoambiwa: usifunge, au acha kwanza. Naye hakuwahi kula mchana wa Ramadhani kwa kisingizio chochote isipokuwa uzazi na hedhi. Hilo lilikuwa fahari yake, na mtu mpweke hushikilia fahari yake kwa meno. Alikuwa ameshazoea kalamu ile. Aliona amekuwa daktari wa kutosha kwa mwili wake mwenyewe. Akageuza kitufe, akajipandishia dozi, ili afunge mwezi mzima akiwa mwepesi.

Na kweli alifunga mwepesi. Alfajiri hakutamani daku, akaiacha. Adhuhuri ilifika, alasiri ikafika, na njaa haikuja. Wenzake sokoni walilalamika kwa raha, wakataja chapati, wakataja maharage ya nazi waliyokula kwa wageni wa pwani, wakacheka jinsi matumbo yao yalivyonguruma kwenye sala. Poni alikaa kati yao kama mtu aliyekwenda msibani bila kumjua marehemu. Saumu yake ilikuwa mtungi mtupu. Ukiupiga unalia, ukiuinamisha hautoi kitu. Aliisubiri njaa. Hata aliiombea. Kilichokuja ni kizunguzungu tu.

Sasa, hapa Koboko, ile sahani ilimjia kila jioni, na kila jioni aliirudisha karibu ilivyokuja. Mama hakuuliza. Aliichukua mwenyewe kabla Driwaru hajainuka, akaibeba na kifuniko chake. Asubuhi moja Poni alitoka nje akamkuta mama amechuchumaa nyuma ya jiko, akiiosha kwenye beseni dogo mbali na vyombo vingine. Aliisugua kwa jivu, akaisuuza, akaianika juu ya kichanja pembeni, peke yake juani.

Poni alisimama akiitazama. Kwa hiyo ndivyo. Mama yake mzazi, aliyewahi kumtafunia chakula, alikuwa akiiogopa sahani yake.

Alirudi chumbani akaanza kukunja nguo. Alikunja kwa hasira, na kila alipoinama chumba kilimzunguka. Midomo ilikuwa imempasuka. Tangu jana alikuwa ametapika maji ya kijani, akajifariji kwamba kutapika kusikokusudiwa hakubatilishi saumu. Alikuwa amekwenda haja ndogo mara moja tu, na rangi yake ilikuwa ya chai isiyo na maziwa. Aliyaona yote hayo kama mtu anavyoona moshi wa shamba la jirani. Alitaka jambo moja tu: kuwa Awindiri kabla ya jioni, mahali ambapo kama angekula peke yake, basi ni kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Aliubeba mfuko mpaka kizingitini. Hapo miguu ilimwacha.

Alipofumbua macho, kichwa chake kilikuwa juu ya paja la mama, na mama alikuwa akimpepea kwa ncha ya mtandio.

"Muzamili ameenda kuleta gari," mama alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kikavu, cha kutoa amri. "Kabla hajafika nisikilize. Ule ugonjwa, siku hizi iko na dawa. Watu wanameza, wanazeeka, wanaozesha wajukuu. Kwa nini wewe humezi? Unaona haya mbele yangu?"

Poni alianza kucheka, kicheko kisicho na sauti, kilichomuumiza tumbo.

"Mama, sina ugonjwa huo. Nilipimwa kabla ya kuanza. Dawa ninayo. Dawa ndiyo iliyonifanya hivi." Akaeleza, kwa vipande, huku akipumzika: sukari, magoti, kalamu aliyoihifadhi baridi ndani ya chupa ya chai kwenye mfuko, daktari aliyemkataza asiipandishe mwenyewe, naye akaipandisha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo inaondoa njaa."

"Ndiyo."

"Na umefunga."

"Nimefunga."

"Umefunga nini sasa, mwanangu?"

Poni lilimtoka lile lililokuwa limemkaa kifuani. "Na wewe je? Kwa nini umenitenga? Sahani peke yake, beseni peke yake. Ungeniambia tu nisije."

"Nimekutenga?" Mama aliacha kupepea. "Humkumbuki Keji. Ulikuwa mdogo."

Keji alikuwa mdogo wake mama. Poni alikumbuka jina tu, na kanga moja ya njano.

"Alipokonda, alikaa kwenye sinia hilihili," mama alisema. "Kila akinyoosha mkono, macho yote yanafuata tonge. Amekula? Hajala? Ameliacha hilo? Walimtazama mpaka akaacha kuja mkekani. Alikula nyuma ya nyumba, peke yake, mpaka akafa. Nikakuona wewe unashuka kwenye gari, mifupa tupu. Nikasema, huyu hawatamtazama. Ndiyo nikafunika."

"Na kuiosha mbali?"

"Driwaru ana macho na ana mdomo. Niichanganye na vyombo vya jioni, aone chakula chote kimerudi?"

"Kilikuwa kinakwenda wapi, mama?"

"Kwangu," mama alisema, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Wakati wa daku. Nitupe chakula cha mtoto wangu?"

Poni aligeuza uso, akauficha kwenye nguo ya mama iliyonuka moshi na ufuta. Safari hii harufu ile haikumpanda kooni, au ilimpanda, na hakujali.

Mama aliinuka, akarudi na kikombe cha maji yenye sukari na chumvi kidogo. "Kunywa."

"Mchana huu, mama?"

"Kunywa. Mgonjwa ana ruhusa kwa Mungu. Hana ruhusa ya kujiua." Alimshikia kikombe, na mikono yake mwenyewe, mikono ya mtu aliyefunga, ilikuwa mikavu. Poni alikunywa kwa mafunda madogo, akaona koo la mama likimeza pamoja naye bila kitu.

Hospitalini walimtundikia maji. Daktari Severino, kwa simu, hakumgombeza. Alisema figo zilikuwa zimebanwa kwa kukosa maji. Akataka damu ipimwe tena kabla hajaruhusiwa. Sindano ya wiki ile isichomwe, wala ya wiki inayofuata, mpaka amwone. "Huenda tukaanza tena, kutoka chini kabisa. Huenda tusianze. Tutaamua tukiwa tumekaa wawili. Na nani anajua nyumbani?"

Poni alimtazama mama, aliyekuwa akisinzia kwenye benchi huku ameshika mfuko wake. "Mmoja," alisema.

Jioni aliyorudi, mama alisimama mlangoni mwa jiko na sahani ya maua mkononi, akamtazama. Poni alitikisa kichwa. Alipiga goti upande wa ukuta, akanyoosha mkono kwenye sinia, akamega tonge dogo kama punje ya karanga. Macho yalikuja, yote, kama mama alivyosema. Driwaru alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha, bila kumtazama mtu, aliligeuza sinia taratibu mpaka upande wa samaki ukawa mbele ya wifi yake.

"Hata hivyo usimalize," alinong'ona. "Nakujua."

Sikukuu ilipita, na Poni akarudi Awindiri. Lomoro alikuwa bado njiani. Poni alimpigia, akamweleza kila kitu, na simu ikakatika kabla hajajua kama alikasirika. Aliweka funguo juu ya meza. Sauti ya funguo ilizunguka nyumba kama zamani.

Ilikuwa asubuhi ya siku isiyo na jambo, anafagia, alipokisikia: kitu kidogo chini ya mbavu, kikijinyoosha. Alisimama na ufagio mkononi, akingoja kiondoke. Hakikuondoka. Kilikwaruza tena.

Alipiga simu Koboko.

"Mama," alisema, na akaona haya kama mtoto. "Nina njaa."

Upande wa pili jogoo aliwika, mtu akaita mtu uani.

"Una nini cha kula?"

"Muhogo. Na chai."

"Mimi nina kiporo. Usikate simu. Iweke hapo karibu."

Poni aliiegemeza simu kwenye bakuli la chumvi, akaketi mbele ya sahani yake moja. Kutoka Koboko alisikia kifuniko kikiinuliwa, kisha mkono ukimega.

"Bismillahi," mama alisema.

Poni alingoja kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye sinia, kisha akanyoosha mkono.