Mikono ya Nyang'au

Ule mkutano sikuupenda tangu mwanzo, lakini nani aliniuliza? Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, siku ya soko, Chepilat. Chifu alisimama akatangaza kwamba pesa zimetoka Ulaya za kumsaidia Mwafrika kulima chai, chai ileile ambayo huku kwetu ilikuwa ya mzungu peke yake. Wanaume walipiga makofi mpaka mbuzi wa kuuzwa wakashtuka. Aliyepiga kuliko wote ni mume wangu, Nyang'au, aliyekuwa nyumbani kwa likizo.

Nyang'au alikuwa amechuma chai ya kampuni huko Kericho kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka nilimpata wiki tatu, mara nyingine akaniachia mimba, akarudi zake laini, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa kampuni. Watoto walimjua kama mgeni anayekuja na sukari. Jioni ya mkutano aliketi jikoni kwangu akasema, "Mama Gesare, mimi sirudi tena. Nitachuma yangu." Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mwanamke mzima, watoto wanne, nacheka peke yangu na chungu cha mboga.

Siku chache baadaye akaja Kepher, mwalimu wa kilimo, mwanamume mwembamba mwenye soksi ndefu na kamba ya kupimia. Alizunguka boma letu lote, akapita migomba, akapita malisho, akaja kusimama katikati ya shamba langu la wimbi. "Udongo mzuri ni huu," akasema. Kwani hakujua ni kwa nini ulikuwa mzuri? Niliulima mimi.

Shamba lile nilipewa na mama mkwe wangu siku nilipowasha moto katika nyumba yangu mwenyewe. Kwetu shamba la nyumba ya mke haliguswi bila yeye kukubali; hata mume huuliza. Nyang'au aliuliza, tena kwa heshima. Nikakubali. Nasema hivi ili mtu asije akanionea huruma isiyokuwa yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimtaka mume wangu nyumbani kuliko nilivyolitaka wimbi.

Kepher alitusomea masharti akiwa amesimama. "Miaka mitatu hakuna kuchuma, hata jani moja. Mti lazima ujenge mwili kwanza. Katikati ya mistari hakuna mahindi, hakuna maharage, hakuna wimbi. Ukivunja, miche inang'olewa, anapewa mwingine. Watu wanaongoja ni wengi."

"Na hiyo miaka mitatu tutakula nini, mwalimu?" nikauliza.

"Mama, huu ni msaada."

Alisema hivyo kama vile msaada huwekwa kwenye sufuria ukachemka. Nyang'au akanikazia macho.

Mvua za Machi zilipoanza, miche ikaletwa. Vilikuwa vijiti elfu moja vilivyokatwa vichwa, havina jani hata la dawa. Mama mkwe alivitazama akauliza kama wazungu wametuletea kuni. Tukavipanda kwa kufuata kamba, tukatandika nyasi kavu katikati, na baada ya wiki kadhaa vikaanza kutoa macho mekundu, halafu majani. Nyang'au alivitembelea asubuhi na jioni. Alijifunza pia kuwatofautisha watoto wake, maana mwanzoni alikuwa akimwita wa pili kwa jina la wa tatu.

Ule mwaka tulikula kwa taabu. Kishamba cha nyuma ya nyumba kilitoa mahindi ya miezi minne tu, nami nikaenda kulimia watu wanipe debe la mahindi au ndizi. Nilikuwa nikirudi kiuno kimekufa. Lakini nilimkuta mume kwa moto, anamenya viazi vibaya vibaya, na usingizi wangu ulikuwa mtamu. Sitadanganya kwamba nilijuta.

Mwaka wa pili ndipo balaa ikaingia. Kepher alikuja kukagua, akainama kwenye mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Ncha za miti hazikuwepo. Miti iliyotakiwa kunifika kiunoni ilikuwa imedumaa magotini.

"Mbuzi," nikasema haraka. Na siku hiyohiyo nikaenda kwa jirani yangu Mellen, nikamtukana yeye na mbuzi wake na mama yake aliyemzaa, Mungu anisamehe. Tukaziba ua kwa miiba. Baada ya wiki mbili Kepher akarudi, akakuta ncha nyingine hazipo.

"Mbuzi anakula jani na kijiti na maganda," akasema pole pole. "Hapa pamekatwa majani mawili na ncha. Safi. Huyu ni mtu, mama. Anajua kazi. Mwezi ujao Bwana Shamba, yule mzungu mkubwa wangu, anakuja mwenyewe. Akiona hivi, atang'oa."

Sikulala vizuri. Shamba lilikuwa limeshaondoka mikononi mwangu, na sasa chai nayo iondoke, na Nyang'au akae nyumbani kwa ajili ya nini? Asubuhi iliyofuata nilisema naenda mtoni, nikaweka mtungi chini na kujificha kwenye migomba.

Alikuja mume wangu. Aliingia mstari wa kwanza akitembea kwa hatua zile fupi za wachumaji, mgongo umeinama kidogo kama mtu aliyebeba kikapu, na kikapu hakuna. Macho yake yalikuwa mbali, kule kwenye vilima vya upande wa Kericho. Mikono ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, ncha zikikatika tak tak, kisha anazitupa begani nyuma yake, zinaanguka chini. Alifika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine.

"Baba Gesare!"

Akasimama. Akanitazama, halafu akatazama chini, akaona majani miguuni pake. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimejaa.

"Nilikuja kuangalia magugu tu," akasema. "Kweli ya Mungu. Hata sikujua."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Mtu mwizi unaweza kumfukuza. Mtu mjinga unaweza kumfundisha. Huyu alikuwa mchumaji hodari wa laini nzima, nyapara alikuwa akimwonyesha kwa wageni, na kumbe kampuni ilimlipa ikabaki na mikono.

Tulijaribu. Nilimkataza kupita shambani. Akawa anazunguka kwa njia ya juu, lakini njia ya juu nayo ina mstari wa pembeni. Alitembea amekunja mikono kwapani kama mtu wa homa, watoto wakamcheka, naye akacheka nao. Akishika jembe alikuwa salama. Akiliweka chini kupumzika, akisahau kidogo tu, tayari ameshachuma miti mitatu. Nilimwendea Mellen kuomba msamaha. Aliupokea, lakini maziwa ya mbuzi wake aliyokuwa akinipa sikuyaona tena.

Bwana Shamba alikuja na Kepher nyuma yake ameshika karatasi. Alipita mistari yote, na mwisho akauliza, "Nani nachuma hii?"

"Mimi, Bwana," akasema Nyang'au.

"Wewe nauza wapi?"

"Siuzi, Bwana. Mikono tu. Imezoea."

Yule mzungu akamtazama mikono. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alionekana kuchoka, kama sisi. Akaongea na Kepher kwa Kiingereza, na Kepher akatugeuzia: miche haitang'olewa, lakini kuchuma kumesogezwa mbele mwaka mmoja. Ikiguswa tena kabla ya hapo, inakwenda kwa mwingine, bila maneno.

"Na wimbi?" nikauliza. "Hata mistari miwili?"

"Hapana, mama."

Wakaenda zao. Mwaka mwingine mzima bila chakula, na mikono ile ndani ya ua. Nyang'au aliketi kwenye jiwe, mikono ameikalia. Nilingoja aseme yeye. Nilimwomba Mungu aseme yeye, nisiwe mimi wa kusema. Hakusema.

"Rudi Kericho," nikamwambia.

Aliinua kichwa. "Mama Gesare, nilikuahidi."

"Uliniahidi, na nilikusikia. Lakini hapa utaimaliza chai yote, na watoto hawana cha kula. Kule hiyo mikono wanailipa. Hapa inatuua."

Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka mno. Jumatatu nilimsindikiza hadi Chepilat, akapanda lori la kampuni pamoja na wanaume wengine, amebeba blanketi lake. Mtoto wetu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameacha kumwita mgeni.

Chai ikapona. Ilipona kwa fujo, ikanipita kiuno, ikafungamana mstari kwa mstari. Mwaka uliofuata Bwana Shamba alileta wageni kutoka Ulaya, wanaume watatu na mama mmoja mwenye kofia, watu wa zile pesa. Alitaka waone shamba la mfano. Walishika majani, wakapiga picha, wakanisifu. Kisha yule mama akauliza jambo, na Kepher akanigeuzia.

"Anauliza mkulima mwenyewe yuko wapi. Wangependa kumpa mkono."

"Mwambie yuko Kericho," nikasema. "Anachuma chai ya kampuni, ili hii iote."

Kepher alinitazama kidogo. Halafu akawaambia maneno machache, machache kuliko yangu, na neno Kericho halikuwemo, na wageni wote wakatabasamu, wakaandika.